Plagi na oili visivyofaa huua injini ya pikipiki mapema

Na Mwandishi Wetu

“NIPE plagi ya bodaboda na oili lita moja.” Hiyo ndiyo kauli inayosikika karibu kila siku katika maduka ya vipuri, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au katika senta ndogo wilayani. Muuzaji hunyoosha mkono hadi rafuni, huweka bidhaa mbili juu ya meza, na mteja huondoka bila kusoma hata herufi moja iliyoandikwa juu yake.

Kwa mwenye pikipiki ya kutembelea, uzembe huo unaweza kumgharimu siku moja ya kusukuma chombo juani. Kwa kijana anayeendesha kwa mkataba, yaani anayempelekea mmiliki hesabu kila siku hadi chombo kiwe chake, jambo hilo ni zito zaidi. Injini ikinoki katikati ya mkataba, kazi husimama lakini deni halisimami. Miezi mingi ya jasho inaweza kupotea kwa sababu ya kopo moja la oili lisilostahili.

Jambo la kutia moyo ni kwamba bidhaa hizi mbili hujieleza zenyewe. Plagi halisi ina herufi na namba zinazotaja umbo lake na uwezo wake wa kuhimili joto. Kopo la oili nalo lina alama zinazosema kama oili hiyo inafaa kwa klachi ya pikipiki au haifai. Anayejua kusoma alama hizo hahitaji kutegemea maneno ya muuzaji wala ya mwenzake wa kijiweni.

Kazi mbili za plagi

Watu wengi wanaifahamu kazi moja tu ya plagi, nayo ni kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Kazi ya pili, isiyotajwa sana, ni kuondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka katika kichwa cha silinda, ambako hupozwa na upepo.

Ncha ya plagi inatakiwa kukaa katika kiwango maalumu cha joto. Ikiwa chini ya takriban nyuzijoto 450 za Sentigredi, masizi hayaungui. Hujikusanya mpaka umeme ukapita juu yake badala ya kuruka kama cheche, na pikipiki huanza kukohoa na kuzima. Ikizidi takriban nyuzijoto 850, ncha yenyewe hugeuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake. Hali hiyo inaweza kutoboa pistoni.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hutoa plagi za viwango mbalimbali. Ipo plagi “ya moto”, inayotoa joto polepole na kufaa injini isiyochemka sana, na ipo plagi “ya baridi”, inayotoa joto haraka na kufaa injini inayofanya kazi nzito. Majina hayo hayahusu ukali wa cheche, kama baadhi ya waendeshaji wanavyodhani. Plagi ya baridi haiongezi mwendo, na plagi ya moto haiongezi nguvu.

Jinsi ya kusoma maandishi ya plagi

Tuchukue mfano wa plagi ya kampuni ya NGK ya Japani yenye maandishi D8EA. Plagi hii inatumika katika pikipiki nyingi zenye injini ya muundo wa Honda CG125, injini iliyotoka Japani mwaka 1976 na kuigwa baadaye na viwanda vingi vya China ambavyo pikipiki zake zimejaa katika barabara zetu.

Herufi D inaeleza kuwa nyuzi za kufungia zina kipenyo cha milimita 12. Namba 8 ni kiwango cha joto. Herufi E inaeleza kuwa sehemu yenye nyuzi ina urefu wa milimita 19. Herufi A ya mwisho inahusu muundo maalumu wa plagi hiyo. Ukikuta DR8EA, herufi R iliyoongezeka inamaanisha kuwa ndani yake kuna kizuizi kinachopunguza mawimbi ya umeme yanayoweza kuvuruga redio na vifaa vya kielektroniki. Pikipiki ambayo kitabu chake kinataja plagi yenye R isifungwe isiyo nayo.

Linganisha na C7HSA, inayotumika katika pikipiki nyingi ndogo zenye injini iliyolala. Herufi C ni kipenyo cha milimita 10, namba 7 ni kiwango cha joto, na H ni urefu wa milimita 12.7. Plagi hizi mbili haziwezi kubadilishana nafasi, ingawa zote huitwa “plagi ya pikipiki”.

Hatari kubwa zaidi ipo pale plagi inapoingia vizuri kwa kipenyo lakini ikatofautiana kwa urefu. Plagi fupi huacha nyuzi za kichwa cha silinda zikiwa wazi, masizi yakazijaza, na siku ya kuweka plagi sahihi nyuzi hizo hukwama au kung’oka. Plagi ndefu kupita kiasi hujitokeza ndani ya chumba cha moto, na katika baadhi ya injini inaweza kugongwa na pistoni.

Ipo pia tahadhari kuhusu namba ya joto. Kwa plagi za NGK na Denso, namba inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa ya baridi zaidi. Kwa plagi za Bosch na Champion mambo ni kinyume chake, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Kwa hiyo asitokee mtu akachukua namba ya kampuni moja na kuitafuta kwenye plagi ya kampuni nyingine. Watengenezaji hutoa majedwali ya ulinganisho. Kwa mfano, NGK D8EA hulingana na Denso X24ES-U, na NGK C7HSA hulingana na Denso U22FS-U.

Nafasi, ukazaji na rangi

Cheche huruka katika mwanya mdogo uliopo kati ya ncha ya katikati na kidole kilichopinda juu yake. Kwa D8EA mwanya huo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Plagi ikitumika muda mrefu mwanya hupanuka, cheche hudhoofika na pikipiki huwaka kwa shida, hasa asubuhi. Mwanya hupimwa kwa vibamba vyembamba vya chuma vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Kukadiria kwa jicho au kwa ukucha hakutoshi.

Wakati wa kufunga, injini iwe imepoa. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na nyuzi zake huharibika kwa urahisi zikiwa za moto. Plagi izungushwe kwanza kwa mkono hadi ikae kwenye kiti chake, ndipo spana itumike. Plagi mpya ya milimita 12 hukazwa kwa takriban nusu mzunguko ili washa yake ibanwe. Plagi iliyokwisha kutumika, ambayo washa yake imeshabanwa, huhitaji mguso mdogo tu wa spana. Anayekaza kwa nguvu zake zote haongezi usalama wowote, bali huandaa kazi ya kuchonga nyuzi upya.

Plagi iliyofunguliwa ni shahidi wa mambo yanayoendelea ndani ya injini. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu huashiria afya njema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo chake ni kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi. Weusi unaong’aa kwa mafuta huonyesha kuwa oili inapita kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za valvu. Ncha nyeupe yenye vipele huonyesha kuwa injini inachemka kupita kiasi, ama kwa sababu petroli ni kidogo, ama kwa sababu plagi ni ya moto mno kwa injini hiyo.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipelekwa Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, hukutana na hewa nyepesi. Petroli inabaki ileile wakati hewa imepungua, na plagi huanza kuwa nyeusi. Katika hali hiyo dawa ni kurekebisha kabureta. Kubadili plagi kila wiki ni kupoteza fedha.

Oili moja, kazi tatu

Tukigeukia oili, hapa ndipo makosa yenye gharama kubwa hufanyika. Katika gari la kawaida, injini ina oili yake na giaboksi ina yake, na klachi ya gari lenye gia za mkono hukaa pakavu. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne zinazobeba abiria hapa nchini mambo ni tofauti. Oili ileile takriban lita moja hulainisha pistoni na kamshafti, hulainisha meno ya gia, na wakati huohuo huogesha sahani za klachi.

Sahani hizo za klachi zinahitaji msuguano ili zishikane na kuisukuma pikipiki mbele. Sehemu nyingine za injini zinahitaji msuguano upungue. Oili ya pikipiki lazima itosheleze mahitaji hayo mawili yanayopingana.

Ili kuondoa utata huo, Japani iliweka kiwango cha JASO T 903 mwaka 1998 kwa oili za pikipiki za mipigo minne. Oili yenye alama JASO MA imepimwa na kuonekana inafaa kwa klachi inayoogeshwa kwa oili. Mwaka 2006 kundi hilo liligawanywa, zikapatikana MA1 na MA2, ambapo MA2 ina msuguano mkubwa zaidi. Oili yenye alama JASO MB ina msuguano mdogo na imekusudiwa vyombo kama skuta za mkanda, ambazo klachi yake haikai ndani ya oili. Mwenye bodaboda atafute MA, MA1 au MA2 kama kitabu cha chombo chake kinavyoelekeza, na aiache MB.

Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Oili hizo hutambulika kwa maneno ya Kiingereza “Energy Conserving” au “Resource Conserving” katika nusu ya chini ya alama ya duara ya API iliyo kwenye kopo. Ni oili nzuri kwa gari linalostahili, lakini zinaweza kuifanya klachi ya pikipiki iteleze.

Dalili za klachi inayoteleza zinajulikana kwa waendeshaji wengi. Pikipiki ikipanda mlima na abiria, injini hulia kwa sauti ya juu lakini mwendo hauongezeki. Mwenye chombo huenda kwa fundi, naye hubadili sahani za klachi. Oili ileile inarudishwa, na baada ya muda mfupi tatizo linarejea. Hivyo mtu hununua sahani mara mbili au tatu, wakati mgonjwa halisi ni kopo la oili.

Namba na herufi za kopo

Maandishi kama SAE 20W-50 hueleza uzito wa oili. Namba iliyo mbele ya herufi W hueleza inavyotiririka wakati wa baridi, na namba ya mwisho hueleza uzito wake injini ikiwa imepata moto. Vitabu vya pikipiki zinazouzwa katika nchi za joto mara nyingi hutaja 20W-50, 20W-40, 15W-40 au 10W-30. Kauli ya kitabu cha chombo chako ndiyo ya kufuata.

Wapo wanaoamini kwamba oili inavyokuwa nzito ndivyo inavyolinda zaidi, na wengine huweka oili nzito kupita kiasi ili kuzuia moshi wa buluu. Oili nzito huchelewa kufika juu kwenye kamshafti injini inapowashwa, hasa asubuhi za baridi katika maeneo kama Njombe na Makete. Moshi unaweza kupungua kwa siku chache, lakini ringi zilizokwisha zinabaki zimekwisha, na sehemu nyingine huendelea kulika.

Herufi mbili za API, kama SG, SJ, SL au SN, hueleza kizazi cha oili kwa injini za petroli. Herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya zaidi. Hata hivyo, herufi hizo hazisemi lolote kuhusu klachi. Ndiyo maana API pekee haitoshi, na mnunuzi atafute JASO pia.

Oili ya gia inapohitajika

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama pikipiki inahitaji oili ya gia ya namba 90. Kwa bodaboda ya mipigo minne yenye oili moja, jibu ni hapana. Oili ya gia ya magari, hasa yenye alama GL-5, imetengenezwa kwa ajili ya meno ya difu na ina kemikali za kuhimili mgandamizo mkubwa. Haikutengenezwa kulainisha pistoni wala kuogesha klachi ya pikipiki.

Ni vyema pia kujua kuwa namba za oili ya gia zina mizani yake. Oili ya gia namba 90 haina uzito karibu maradufu ya oili ya injini namba 50, kama namba zinavyoweza kumdanganya mtu. Uzito wake unakaribiana na ule wa oili ya injini ya 40 au 50.

Pikipiki za mipigo miwili zina utaratibu mwingine. Yamaha DT125 na AG100, ambazo maofisa ugani na wafanyakazi wa mashirika ya misaada wamezitumia kwa miaka mingi vijijini, zina oili mbili. Moja huungua pamoja na petroli, nayo hutambulika kwa alama za JASO FB, FC au FD, ambapo FD ndiyo ya juu kwa usafi. Nyingine hukaa katika giaboksi pamoja na klachi. Hiyo ya giaboksi, licha ya kuitwa oili ya gia, kwa kawaida ni oili ya uzito wa 10W-30 inayokubaliana na klachi. Kuchanganya makopo hayo mawili ni kosa linaloharibu chombo.

Umuhimu wa oili hiyo unaonekana wazi zaidi katika mchezo wa trial, wenye wapenzi wengi Hispania na Uingereza, ambamo mwendeshaji hupanda mawe na magogo kwa mwendo wa polepole bila kugusa ardhi kwa mguu. Klachi hubanwa na kuachiwa karibu wakati wote. Montesa Cota 4RT, ambayo Mhispania Toni Bou aliitumia kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 2007, ni ya mipigo minne lakini watengenezaji wake waliitenga oili ya giaboksi na klachi mbali na oili ya injini. Bodaboda haina anasa hiyo. Oili yake moja hubeba uchafu wa injini na unga wa klachi kwa pamoja, na ndiyo sababu inastahili kubadilishwa kwa wakati.

Lini ibadilishwe

Meno ya gia hukatakata chembe ndefu zinazoipa oili uzito wake, hivyo oili ya pikipiki huchoka mapema kuliko ya gari. Aidha, injini nyingi za muundo wa CG hazina kichujio cha karatasi kama cha gari. Zina wavu mdogo na chombo kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni. Wavu huo unapaswa kusafishwa, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau.

Kitabu cha pikipiki hutaja kilomita za kubadilisha. Tatizo ni kwamba wengi huhesabu miezi badala ya kilomita. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 3,000 kwa mwezi, umbali ambao pikipiki ya mtu binafsi inaweza kuufikia kwa nusu mwaka. Mwendeshaji aandike namba ya kilomita siku anapobadilisha oili, na kipimo cha dashibodi kikiwa kimekufa akitengeneze.

Kiwango cha oili kiangaliwe kila asubuhi, chombo kikiwa kimesimama wima mahali tambarare. Injini yenye lita moja ikipoteza mililita 300 imebaki na chini ya robo tatu ya kinga yake, na injini kongwe inaweza kufanya hivyo bila kuvuja tone hata moja ardhini.

Kujihadhari na bandia

Bidhaa bandia zipo sokoni, na plagi na oili ni miongoni mwa zinazoghushiwa kwa wingi. Plagi ya kutiliwa shaka huwa na maandishi yaliyofifia au yanayofutika, kidole ambacho hakijakaa sawasawa juu ya ncha, na washa inayodondoka yenyewe. Kwa oili, angalia kama mfuniko una lakiri isiyoguswa, kama kopo ni jipya, na kama lina namba ya toleo. Epuka oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina.

Omba risiti kila unaponunua. Bidhaa ikionekana kuwa bandia, taarifa hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC) au Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Makopo matupu yatobolewe yasijazwe tena na walaghai, na oili chafu isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima.

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi mambo matatu kutoka kwenye kitabu cha pikipiki yako: namba kamili ya plagi, uzito wa oili pamoja na alama ya JASO, na kiasi cha oili kinachoingia. Kama kitabu hakipo, soma maandishi ya plagi iliyokuja na chombo kikiwa kipya, au muulize wakala wa aina hiyo ya pikipiki. Karatasi hiyo ikae chini ya kiti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwendesha bodaboda, ufa huo ni kopo na plagi ambazo hazikusomwa, na ukuta ni injini ambayo bado ilikuwa haijamaliza kulipiwa.